Mama aliniomba nisimwambie binti yake kwamba ameanguka. Nilikosea?

SWALI: Shikamoo mama. Ninafanya kazi katika makao ya wazee, huu ni mwaka wangu wa pili. Mama mmoja ninayemhudumia, ambaye akili yake ni timamu kabisa, aliteleza bafuni akaumia mkono. Muuguzi alimpima, hakuna mfupa uliovunjika. Mama akaniomba, "Usimwambie binti yangu, atapata presha bure." Nikamjibu sawa, nikanyamaza. Siku ya tatu binti alikuja, akaona mkono umevilia damu. Alifoka mbele ya watu, akaniita mwongo. Tangu hapo anapiga simu kila siku, anauliza mpaka saa mama yake aliyoamka. Kaka yake, anayeishi mbali, naye ameanza kupiga na anataka nimweleze mambo bila dada yake kujua. Je, nilikosea kutunza siri? Nizungumzeje na familia hii? Au niombe tu nihamishiwe upande mwingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale uliposema "nikamjibu sawa, nikanyamaza". Nitaanzia hapo.

Siri ilikuwa ya mama. Mkono ni wake, na habari za mkono huo ni zake. Mtu kuwa binti wa fulani, hata binti mwenye upendo anayekuja kila wiki, hakumpi haki ya kujua kila kinachompata mzazi wake mwenye akili timamu. Jambo hili ni la zamani katika kazi yetu. Mwaka 1957 Felix Biestek, padri na mwalimu wa ustawi wa jamii nchini Marekani, alieleza misingi 7 ya uhusiano kati ya mhudumu na mteja. Miwili kati ya hiyo ni kumtunzia mteja siri zake na kuheshimu haki yake ya kujiamulia. Ungekimbilia simu mara tu mama alipokuomba usiseme, leo ningekuwa nakujibu barua nyingine, iliyo nzito zaidi.

Najua uzito wake kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo. Nikiwa mgeni kazini, mzee mmoja aliniambia kwamba usiku hulia akimkumbuka marehemu mkewe. Mwanawe alipokuja kumtembelea nikamweleza, nikiamini namsaidia baba na mwana. Kijana akaenda moja kwa moja kwa baba yake: "Baba, nasikia unalia usiku, vipi tena?" Mzee hakunigombeza. Kwa miezi yote iliyobaki aliitikia salamu yangu, basi. Kila nilipomuuliza amelalaje, jibu lilikuwa "vizuri". Mtu anayelia usiku akakosa hata mmoja wa kumwambia, na aliyemkosesha ni mimi.

Kwa hiyo kutunza siri hukukosea. Palipopungua ni lile "sawa" ulilolitoa upesi. Mama alikupa ombi lenye mambo mengi ndani yake, nawe ukalipokea bila kulifungua. Ungevuta kiti ukamuuliza: "Mama, unahofia nini akijua?" Atapata presha, amesema, na huenda ni hilo tu. Lakini wazee wengi wanaficha kuanguka kwa hofu nyingine kabisa. Wanaogopa kuambiwa wasiende tena bafuni peke yao, au watoto kukaa kikao na kuamua wahamishwe. Wengine wamechoka kuonekana mzigo. Kila hofu ina jibu lake, na hakuna hata moja inayojibiwa na ukimya.

Baada ya kujua hofu yake mngetafuta njia pamoja. "Je, ukimpigia wewe mwenyewe nikakaa hapa pembeni?" "Je, nimwambie kwamba uliteleza, muuguzi amekupima, na kwamba hutaki alizungumze sana?" Mara nyingi mteja hakatai habari kufika, anakataa namna anavyodhani itakavyofika. Na kama angeshikilia kukataa, bado ulikuwa na la kumwambia: "Nimekuelewa, sitampigia. Ila atakapokuja ataona mkono, na akiniuliza sitamdanganya. Nitamwambia akuulize wewe." Sentensi hiyo moja ingekuokoa. Kutunza siri na kusema uongo ni mambo mawili, na mteja anapaswa kujua mapema mpaka uko wapi.

Na huo mpaka upo. Usiahidi kamwe kutunza siri kabla hujaisikia. Mtu akianza na "nikuambie kitu lakini usimwambie mtu", mjibu kwa upole kwamba utamsikiliza, na kwamba kuna mambo machache huwezi kubaki nayo peke yako: hatari kubwa kwake au kwa mwingine, na dalili kwamba kuna mtu anamtesa au kumwibia, awe mtumishi au awe ndugu. Halafu, siri dhidi ya binti si siri dhidi ya wenzako. Natumaini uliandika kuanguka kule kwenye faili la mama na kulisema wakati wa kukabidhiana zamu. Kama hukufanya hivyo, nenda kafanye leo, ukiandika pia kwamba unaandika kwa kuchelewa na kwa nini.

Sheria nazo, pale zilipoandikwa, zinaanza na mteja. England, kuanzia Aprili 2015, kila mtoa huduma aliyesajiliwa, yakiwemo makao ya wazee, analazimika kisheria kusema ukweli pale huduma inapomletea mtu madhara yanayofikia kiwango fulani: kumweleza kilichotokea, kumwomba radhi, na kumpa maelezo kwa maandishi. Anayeambiwa kwanza ni aliyeumia mwenyewe. Anayemwakilisha kihalali anaingia pale ambapo mhusika amefariki, ni mtoto, au hawezi kujiamulia. Mkono wa mama yako wa kuvilia damu usingefikia kiwango hicho, lakini mpangilio wake unafundisha: mteja kwanza, familia kupitia kwake. Nchi hiyo hiyo iliweka katika sheria ya mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Ninalitaja hili kwa sababu watumishi wengi, na wasimamizi zaidi, humeza neno "samahani" kwa kuogopa kushtakiwa, na familia inayonyimwa neno hilo ndiyo huondoka hapo ikitafuta mwanasheria.

Sasa tuje kwa binti.

Alipouona ule mkono hakuona jeraha tu. Alijiuliza: kama hili sikuambiwa, ni mangapi mengine? Ndiyo maana anauliza saa ya kuamka. Jibu la saa ya kuamka halimsaidii kitu, anachofanya ni kupima kama utamjibu. Miaka yote kabla ya hapo huenda yeye ndiye aliyejua mama yake amelalaje, amekula kiasi gani, goti lipi linauma. Siku alipomkabidhi kwenu alipumua, kisha akajilaumu kwa kupumua. Mtu wa namna hiyo akikuta alama moja isiyo na maelezo, lawama zote alizokuwa akijipa mwenyewe zinapata pa kutokea, na wewe ulikuwa umesimama mbele yake.

Kuna mtafiti wa Marekani, Pauline Boss, ambaye tangu miaka ya 1970 amechunguza huzuni za namna hii. Alianza na familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, watu ambao miili yao haikuonekana lakini nyumbani bado walisubiriwa. Baadaye akaonyesha sura ya pili: mtu yupo, unamshika mkono, lakini yule uliyemjua anaondoka kidogo kidogo, kama inavyokuwa kwa wenye demensia, maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Ni kufiwa pasipo tanzia. Hakuna anayekuja kukupa pole, kwa sababu mzazi wako yu hai. Mama huyu bado ana akili zake, lakini utawahudumia wengine wasio nazo, na ndugu zao watakujia na hasira utakazoshangaa zimetoka wapi. Ukijua kwamba chini yake pana msiba usiotangazwa, utajibu kwa sauti nyingine.

Simu za kila siku zinakoma mtu anapojua kwa hakika kwamba atapigiwa. Usisubiri akupigie. Mama akiridhia, na msimamizi wako akikubali, panga siku mbili za wiki na saa maalumu, na anayepiga awe mtu yule yule kadiri zamu zinavyoruhusu. Kisha piga, hata kama hakuna jipya. Hasa kama hakuna jipya. Familia nyingi husikia kutoka kwetu pale tu jambo linapoharibika, mpaka namba ya kituo ikitokea kwenye simu moyo unaruka. Mtu akiwa amekwisha kusikia sauti yako mara 10 katika siku za kawaida, siku ya 11 yenye habari ngumu atakusikiliza kama mtu anayemjua.

Na ukipiga, sema kitu. "Mama hajambo, anaendelea vizuri" ni salamu, haina habari ndani yake. Mpe jambo moja uliloliona kwa macho yako: leo alitembea hadi mlangoni na kurudi, alipumzika mara moja; jana usiku aliamka mara mbili; asubuhi alikataa kunyoosha mkono, mchana akakubali. Kwa anayeishi na wasiwasi, dogo la kweli humtuliza kuliko kubwa la jumla. Kabla ya kupiga, pitia kwa mama: "Leo nampigia binti yako, nimwambie nini?" Utashangaa. Kuna siku atakutuma maneno mazuri ambayo hangeyasema mwenyewe.

Lakini kabla ya simu hizo kuanza, kuna kikao kimoja kigumu ambacho huwezi kukikwepa. Mama awepo, binti awepo, wewe, na msimamizi wako. Kaeni chini wote, pasiwe na anayesimama juu ya mwenzake, na simu zizimwe. Usianze na maelezo. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua 6 wa madaktari kutoa habari mbaya kwa wagonjwa wa saratani, na ndani yake kuna hatua mbili ninazozitumia hata pasipo saratani. Kwanza uliza mtu anajua nini tayari. Kisha uliza anataka kujua kiasi gani. Ndipo useme. Binti aseme kwanza alichokiona na alichokielewa, hata kama atakisema kwa ukali, nawe usimkatize. Amini nikikuambia kwamba dakika 5 za kumwacha mtu amalize huokoa wiki 5 za malumbano.

Halafu omba radhi kwa lile hasa linalostahili. "Samahani kama umekwazika" itamuudhi upya, kwa kuwa inamfanya yeye ndiye mwenye tatizo. Usiombe radhi kwa kuheshimu ombi la mama pia, maana utakuwa unamgeuka mama mbele ya macho yake. Kwa nafasi yako ningesema hivi: "Dada, uliuona ule mkono bila mtu yeyote kukuandaa, na ulipouliza hukupata maelezo. Hilo lilikuumiza, na samahani sana. Tulipaswa kukaa pamoja tangu mama alipokuja, tukubaliane atakayeambiwa nini na lini. Hatukufanya. Tunataka kufanya leo." Usimwambie atulie. Usimwambie unaelewa kabisa anavyojisikia, kwa sababu huelewi. Wala usimtajie utaratibu wa kituo kama ngao. Kama kuna utaratibu, mweleze unamlinda mama yake kwa namna gani.

Kisha mgeukie mama. Huu ndio moyo wa kikao, na ndipo wengi tunapoteleza: tunazungumza na ndugu juu ya kichwa cha mteja kana kwamba ni samani. "Analala vizuri? Anakula?" Na mwenyewe amekaa hapo, anasikia. Binti akikuuliza hivyo, mwangalie mama na useme, "Mama, utamjibu wewe au nimwambie?" Binti atajifunza bila kufundishwa.

Muulize mama mbele ya binti yake: ukianguka bila kuumia, aambiwe? Ukiumia kidogo? Dawa ikibadilishwa? Ukipelekwa hospitali? Ikitokea saa 9 za usiku, apigiwe saa hiyo hiyo au asubuhi? Swali hilo la usiku liulize kwa makini. Kuna ndugu watakaochukia kuamshwa kwa jambo dogo na wengine hawatakusamehe kwa kusubiri pambazuko, na kwa kukisia hutajua yupi ni yupi. Andikeni majibu, mama asaini kama anaweza, na muweke tarehe ya kuyaangalia tena, kwa sababu atakuwa na haki ya kubadili mawazo kesho. Uwezekano ni mkubwa kwamba atakataa jambo moja au mawili na kukubali mengine yote. Binti akiona mama yake ndiye anayechora mpaka, ugomvi wake na wewe unapungua nguvu. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga yenyewe hapa ni mama, binti na wewe. Kikao hiki ndicho cha kuyapanga.

Kabla hamjaachana, muulize binti swali ambalo nadhani hakuna aliyemuuliza: "Unajua nini kuhusu mama ambacho sisi hatujui?" Anajua mama akiumwa anakuwa mkali au anakuwa kimya. Anajua "sina shida" ya mama ina maana gani. Nchini Uingereza daktari mstaafu aitwaye John Gerrard, mwenye demensia, alilazwa mwaka 2014 kwa vidonda vya mguu. Kwa wiki 5 familia ilizuiwa kumwona ipasavyo, na alitoka amepoteza uwezo mwingi aliokuwa nao. Alifariki Novemba mwaka huo. Binti yake Nicci Gerrard na rafiki yake Julia Jones walianzisha kampeni ya kudai ndugu wanaomtunza mwenye demensia waruhusiwe kubaki naye hospitalini, na hospitali nyingi huko zilikubali. Ndugu anayeuliza maswali mengi ana akiba ya miaka mingi ya kumjua mtu huyu. Ukimtumia, ataacha kukuvizia kama mlinzi anavyomvizia mwizi.

Kaka yupo katika kila familia. Mwaka 1991 jarida moja la Marekani la tiba ya wazee lilichapisha makala kuhusu "binti wa kutoka California", ndugu anayeishi mbali ambaye hufika ghafla na kupinga kila lililoamuliwa. Jina hilo limekuwa likitumiwa kwa kejeli, na mimi sipendi likitumiwa hivyo. Aliye mbali anamkumbuka mama wa mara ya mwisho alipomwona, aliyekuwa akipanda ngazi bila kushika ukuta. Habari za leo zinamwangukia zote kwa mpigo. Mpe muda. Lakini katika suala la siri za upande, usisogee hata hatua moja: "Kaka, ninachomweleza dada yako ndicho nitakachokueleza wewe, na chote ni kile mama aliniruhusu. Kama kuna jambo unataka lijadiliwe, tumwombe mama tukae wote, hata kwa simu." Mama na achague mmoja wa kupokea habari na kuwafikishia wengine. Wewe usiwe daraja la kupitishia mashitaka yao. Daraja hukanyagwa na pande zote mbili.

Mawili madogo ya kuongeza. Ukilazimika kupiga simu ya dharura, sentensi ya kwanza iwe hali ya mama, kabla hata ya salamu ndefu: "Mama amekaa kitini, anazungumza, ana fahamu zake. Nakupigia kwa sababu ameteleza." Ukianza na "kuna jambo limetokea", hatasikia tena utakayoyasema baada ya hapo. Na wakikuomba uingie kwenye kundi la WhatsApp la familia uwe unarusha picha, kataa kwa heshima. Picha ya mama ikishaingia humo hamna anayejua itakapoishia, na simu yako binafsi itageuka kuwa ofisi isiyofungwa.

Kuhusu kuitwa mwongo mbele ya watu: hasira naielewa, matusi si sehemu ya kazi yako. Yakirudi, sema kwa sauti ya chini kwamba unataka kumsaidia na kwamba mtaendelea na mazungumzo akiwa tayari, kisha ondoka ukamwite msimamizi. Ukiandika kwenye faili, andika maneno aliyoyasema. "Alikuwa mkorofi" ni hukumu yako, na siku moja anaweza kuisoma.

Usiombe kuhamishwa bado. Mama alikuchagua wewe kumwambia siri yake, na binti akirudi akakuta umeondoka ataamini kwamba kweli kulikuwa na la kufichwa. Lakini kikao nacho usikipange leo. Kesho, wakati mama ametulia na hakuna mgeni, kaa naye. Mwambie kwamba binti yake aliumia, na kwamba nawe uliumia. Muulize lile swali ambalo siku ile ya bafuni hukumuuliza, la kile hasa anachokihofia. Ukipata jibu lake niandikie, tuone kikao kianzie wapi.